Siku Mama Aliponusa Chupa Tupu

Nyumba ileile, mlango wa nyuma,
juu ya duka la fundi cherehani.
Jumapili, tarehe 18 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta umesimama wima, wewe na Shemeji na wapwa zangu wote wawili. Mgongo unaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari amekukataza kunyanyua vitu vizito. Nakufahamu: umemwitikia daktari vizuri, na ulipofika nyumbani ukahamisha kabati. Na yule mpwa wangu mdogo, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kibogoyo? Mwambie Mjomba anadai picha, hata ya kibogoyo.

Huku kwetu hatujambo. Wifi yako amerudi kazini, mtoto ametimiza miezi saba na ana sauti ya dalali wa mnada. Mimi bado nahangaika na friji za watu. Juzi mzee mmoja kaniletea ya kwake juu ya mkokoteni, analalamika haipoozi hata maji ya kunywa. Nimeifungua yote, nimeitandaza karakana nzima, kumbe panya wamekata waya wa nyuma, kazi ya dakika tano. Fundi cherehani amecheka mpaka akajidunga sindano. Mama mdogo naye hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua anapopanda ngazi zetu.

Kuhusu Mama nitakuandikia kwamba yupo. Neno "mzima" limenigomea. Hana ugonjwa wa kitandani, lakini anakula kidogo na anaongea kidogo zaidi. Najua Mama si habari unayoipenda kwenye barua zangu, na kwa kawaida huwa nampitia kwa mstari mmoja. Leo sitaweza. Nimekaa mezani tangu asubuhi, wifi yako anadhani nakwepa kumbeba mtoto. Tafuta mahali ukae, Dada, usome taratibu.

Kile kiwanda cha mvinyo, ambacho wewe uliosha chupa zake mwaka mmoja na Mama akaonja mvinyo wake miaka ishirini na tisa, kimegeuzwa jumba la makumbusho. Nilikuandikia kilipofungwa. Basi mwaka huu wamekipaka rangi, wamefagia utando wa buibui, wameweka taa ndogondogo kila kona, na watu wanakata tiketi kwenda kutazama vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavichungulia bure dirishani.

Mama aliletewa kadi ya mwaliko, jina lake limeandikwa kwa herufi za kupindapinda. Aliisukuma chini ya sinia, ikakaa huko wiki mbili. Nilipoikuta nikadhani ni unyenyekevu wa wazee, nikamkazania. Nikuambie ukweli, nilitaka kwenda kuringa. Nilitaka nipite katikati ya watu nikiwa mtoto wa Mama Pua. Alikataa mara tatu. Mara ya nne alikubali kwa sababu wifi yako alikuwa ameshalipiga pasi lile gauni la kijivu na Mama mdogo ameshakuja kukaa na mtoto.

Unakumbuka tulivyolelewa chini ya pua ile. Sabuni ya manukato marufuku. Vitunguu vinakaangwa siku ambayo haendi kazini. Mgeni aliyejipulizia marashi anapokelewa uani. Nikidanganya kwamba natoka shuleni, ananinusa kisogo, anasema, "Umetoka mtoni, tena umepitia kwa mchoma mkaa." Nyumba za wenzetu zilikuwa na baba wa kutoa hukumu, na Baba alipotutoka sisi tukabaki na pua. Ikishasema, hakuna wa kukata rufaa.

Tuliingia Jumamosi ya tarehe 10, saa nne asubuhi. Chumba cha kwanza kina vikapu vya kuvunia zabibu, mikasi yenye kutu, na ule mtambo mkubwa wa mbao wa kukamulia. Kinachofuata kina vizibo vya kila aina kwenye droo za vioo, na lebo za chupa tangu mwaka wa kwanza wa kiwanda. Nilimwambia Mama kwamba siku hizi pananuka rangi tupu, ile harufu ya zamani sijui imekwenda wapi. Akajibu, "Ndiyo, rangi." Sikuona neno.

Kwenye korido wameitundika picha yake, kubwa kuliko mlango wetu. Amefumba macho, glasi iko puani, shingo imeinama kidogo upande. Chini wameandika kwamba huyu ndiye Mama Pua, mwonjaji mkuu. Nilitaka asimame nayo nimpige picha. Alikuwa ameshapita.

Aliyekuwa anatutembeza ni binti mmoja mchangamfu, amesoma sana lakini hana maringo. Alitushusha kwenye ghala la chini, kwenye mapipa, akatueleza kwamba mbao za pipa hazizuii kila kitu. Mvinyo hupenya kidogo kidogo ukapotea hewani, na pipa likiwa dogo ndipo hupoteza haraka. Ndiyo maana mtunza stoo lazima alijazilize kila baada ya muda. Akilisahau miaka mingi, siku akilifungua atakuta limebaki nusu, na kizibo hakijaguswa na mtu. Mimi ni mtu wa gesi na mabomba, habari ya kitu kuvuja bila kuonekana naijua, nikatikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Mama aliuliza swali moja tu siku ile nzima, na aliliuliza pale.

"Nusu nzima, mwanangu?"

"Nusu nzima, Mama. Hata zaidi."

Mama akashika ukingo wa pipa akasimama hivyo mpaka tukamaliza. Mimi nikadhani ni ngazi zimemchosha.

Kuna chumba wamekiita Chumba cha Pua. Mezani zimepangwa chupa kumi za kioo zenye midomo mipana, kila moja na kifuniko na namba. Ndani yake wametia vitu ambavyo waonjaji husema wanavisikia kwenye mvinyo: karafuu, ngozi, majani makavu, ganda la limau, kitambaa kilichofukizwa moshi. Unafunua, unanusa, unataja, kisha unageuza kibao kidogo uone jibu. Mimi nilipata mbili. Ile ya ngozi nilisema ni viatu, binti akanionea huruma akanipa nusu.

Watu wakaanza kumwomba Mama Pua naye anuse. Akakataa. Wakapiga makofi, wakaita tena. Binti akamletea chupa namba nne kwa mikono miwili, kwa heshima. Mama akafunua, akafumba macho, akainamisha shingo kama kwenye picha. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya kazini, "Asali. Asali iliyokaa, na kwa mbali zabibu kavu."

Watu wakaguna kwa raha. Binti akaipokea chupa, akatazama ndani, akatazama tena. Ilikuwa tupu. Mama wa usafi alikuwa ameiosha asubuhi na hakuna aliyekumbuka kuijaza.

Wakacheka wote. Walidhani amewatania, mzee wa kazi anawapima vijana. Binti akaomba radhi, akasema hapo ndipo ujue mwalimu ni mwalimu. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipomtazama yeye. Alikuwa bado anakigeuza kile kifuniko kilichobaki mkononi, anatafuta namba, na yeye peke yake hakucheka.

Chumba cha mwisho ni chenu, cha kuoshea chupa. Masinki yapo, mabomba yapo ila hayatoi maji. Ukutani wametundika aproni kumi na saba kwenye misumari, namba zimeshonwa kwa ndani kama zamani. Kando yake palikuwa na kibao. Nisamehe kwamba nakiandika hapa, lakini ni heri ukijue kutoka kwangu. Kilisema hivi: "Katika chumba hiki Mama Pua alinusa aproni kumi na saba, akamtambua mwizi wa mvinyo wa pipa la akiba, ingawa alikuwa binti yake wa kumzaa. Huu ndio uaminifu wa kazi." Binti alikisoma kwa sauti na kwa fahari, wala hajui anamsoma nani. Watu wakamgeukia Mama wakampigia makofi.

Mama akasema, "Si kweli."

Alisema kwa sauti ndogo, tuliosikia ni mimi na yule binti. Kisha akavuka kamba ya kuzuia watu, akaketi juu ya kreti la chupa lililowekwa pale kwa maonyesho. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Binti akawaongoza wengine nje, akatuachia chumba.

Siku ile ya aproni unaijua kuliko mimi. Lakini ninyi mlikuwa mmesimamishwa uani, wote kumi na saba, mlango umefungwa. Ya ndani hukuyaona. Nakuandikia kama Mama alivyoniambia pale kwenye kreti, akitazama sakafu.

Alisema pua yake ilikufa mwaka mmoja kabla. Unakumbuka ile homa iliyomlaza wiki tatu, wewe ukampikia uji kila siku? Alipopona, harufu haikurudi. Siku ya kwanza kazini alinusa glasi akadhani wamemwekea maji. Hakumwambia mtu. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na kiwandani hawakumweka kwa kitu kingine ila pua. Akapiga moyo konde. Ulimi ulikuwa bado unamwambia uchachu na utamu na ukakasi. Rangi aliiona kwa macho. Mengine aliyasoma kwenye nyuso za wenzake, au aliwauliza wakulima kama mvua ilichelewa. Alionja hivyo miaka mitano mpaka akastaafu, na hakuna aliyemshtukia. Mpaka leo sijui nimsifu au nilie.

Ndipo likaja suala la pipa. Likakutwa limebaki nusu, na chumba kilichopakana nalo ni chenu. Wakasema mwizi ni mwosha chupa, na Mama Pua anuse aproni amtaje. Walimsimamia pale wanaume watatu: meneja, msimamizi na mtunza stoo.

"Nilifika ya mwisho sijasikia kitu," aliniambia. "Ningesema hakuna, wangeniletea glasi ya lile pipa wanijaribu. Nikaona mfuko mmoja umeshonwa kwa uzi wa buluu. Nikajua ni wa yule mwenzao aliyekuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi akaolewe. Nikasema moyoni, huyu hata wakimfukuza anakwenda kwake. Nikanyoosha kidole."

Wakaigeuza ile aproni. Namba ilikuwa yako.

Wewe ndiye unayejua ule uzi ulifikaje mfukoni mwako. Labda mfuko ulichanika, na yule mwenzako akakuazima sindano na uzi wake. Ni jambo la kawaida kabisa baina ya watu wanaofanya kazi pamoja. Mama hakulijua.

Anasema alifungua mdomo aseme amekosea. Msimamizi akamwahi. Akamshika bega, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Pua. Sijapata kuona mtu mkweli kama wewe." Mtunza stoo naye akaitikia haraka haraka. Mdomo ukajifunga, na haukufunguka tena kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa rudia yale maelezo ya ghalani. Lile pipa la akiba lilikuwa dogo, na lilikaa pale miaka kumi na zaidi. Kulijaziliza ilikuwa kazi ya nani? Mtunza stoo alishafariki, siwezi kumuuliza. Lakini mimi naamini, Dada, kwamba hakuna aliyeiba hata tone. Ulifukuzwa kazi, ukapoteza na nyumbani, kwa mvinyo uliopotea wenyewe.

Nilikasirika hata nikaogopa mikono yangu. Nilimwacha pale pale, nikatoka nje kwenye maegesho, nikalipiga teke pipa la takataka. Kidole bado kinauma. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka, arudi mwenyewe anavyojua. Nilifika getini ndipo nikakumbuka upande wangu mimi.

Jioni ile Mama alirudi na aproni yako, akaitandaza mezani. Wewe ulisimama kando ya mlango, ukasema, "Sikugusa, Mama. Sikugusa." Mama akaniita. Nilikuwa na miaka kumi, na nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuirithi ile pua. Alikuwa ameshanifundisha kwamba mvinyo wa zamani hunukia asali. Akanipa ninuse. Ilinuka sabuni ya kufulia, na ilinuka wewe. Nikamtazama Mama usoni, nikasema, "Asali."

Nilirudi ndani nikamuuliza kwa nini aliniita mimi, mtoto, kwenye jambo kubwa namna ile. Hakuinua kichwa.

"Pua yako wewe ilikuwa nzima," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu useme hakuna. Ningelishika neno lako nikarudi nalo kwao, nikawaambia nimekosea."

Miaka yote nilijituliza kwamba neno la mtoto ni neno la mtoto, halikuongeza wala kupunguza. Kumbe mlango ulikuwa mmoja tu na mimi ndiye niliyeufunga. Nilikuona siku tatu umekaa kitandani hutaki chakula, Mama akikusihi ukaombe radhi wakurudishe kazini, nawe ukisema huwezi kuomba radhi kwa usilolifanya. Nilikuona unafunga kile kibegi. Mimi nikanyamaza, kwa sababu mtaani walikuwa wameshaanza kuniita Pua Ndogo na jina nilikuwa nimelipenda.

Naomba msamaha wako, Dada. Sitaandika kwamba nilikuwa mdogo. Nimekuwa mtu mzima siku nyingi, nimekuandikia barua nane, nimekueleza habari za friji na za mvua, na hili sikuligusa. Umenilea mgongoni, nami nilikutoa kwetu kwa neno moja.

Nyumbani hatukusemeshana siku mbili. Jumatatu mchana nikapigiwa simu na yule binti wa makumbusho, ananiomba nifike. Nikaenda na ovaroli yangu ya kazi na mkoba wa vifaa. Nikamkuta Mama ofisini kwa mkuu wa jumba, amevaa lilelile gauni la kijivu. Alikuwa amekwenda peke yake kuwaambia kibao kile kiondolewe. Mkuu ni kijana wa miwani, ana adabu nyingi. Akamweleza kwamba habari ile imo kwenye kitabu cha kiwanda, na meneja mwenyewe aliiandika, hivyo hawezi kuifuta bila ushahidi.

"Ushahidi ni mimi," Mama akasema. "Nileteeni zile chupa."

Wakazileta zote kumi, safari hii zimejazwa. Vibao vya majibu wakavilaza kifudifudi. Walisimama mkuu wa jumba, yule binti, mlinzi wa getini, mama wa usafi na wafanyakazi wawili wengine. Mama akaketi na mgongo wake umenyooka kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Akaanza namba moja. Ya moshi alisema maua. Ya limau alisema mbao. Ya karafuu, ambayo hata mtoto wangu angeipigia chafya, aliiweka puani muda mrefu, akasema, "Sijui, wanangu." Hakukisia kwa ujanja, hakutazama uso wa mtu. Alizimaliza zote kumi, na zote alikosa.

Dada, nimewahi kuona watu wakilia msibani, lakini kile chumba kilikuwa kizito kuliko msiba. Yule binti alijifanya anapanga vifuniko. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu wetu alizaa kwanza, akaficha baadaye, na aliyelipia ni mtoto.

"Sasa andikeni," Mama akamwambia mkuu. "Andikeni kwamba niliinyooshea kidole aproni ile bila kusikia harufu yoyote, na kwamba binti yangu hakugusa pipa. Picha yangu fanyeni mtakavyo."

Kibao kiling'olewa palepale. Bisibisi ilikuwa yangu, lakini mkuu aliomba akifungue yeye mwenyewe. Kipya wamekitundika jana. Nimekwenda kukisoma kabla sijakuandikia, nisije nikakuletea tena habari ya kusikia. Kina mistari miwili, na mstari wa pili unasema mwosha chupa aliyefukuzwa hakuwa na kosa. Mtaani nako habari imeenea. Wapo waliokuja kumtazama Mama mlangoni kama kioja, wapo waliomwambia maneno makali, na yeye hawafungii mlango. Yule mwenzako wa uzi wa buluu, ambaye sasa ana wajukuu, alikuja akakaa naye uani saa nzima. Walichozungumza sikijui.

Sikuandikii haya nimtetee. Mimi mwenyewe sijamsamehe vizuri, na kuna asubuhi namwekea chai mezani bila kumtazama. Wala siandiki kukuomba urudi. Una nyumba yako, una watu wako, na njia uliyoikata kwa miguu yako mwenyewe hakuna aliyekusaidia kuibeba mizigo yake. Nimetaka tu ujue kwamba mahali ulipoitwa mwizi pameandikwa sasa kwamba hukuwa mwizi, na kwamba aliyeandikisha ni yeye.

Wifi yako anakusalimu sana, anasema ile kofia uliyomfumia mtoto bado inamkaa ingawa kichwa kinakua kwa kasi. Mama mdogo anakusalimu na amelia, nisikufiche. Fundi cherehani anakukumbuka ulivyokuwa unamtungia uzi kwenye sindano, anakutakia afya. Mtoto hajui kusalimu, lakini nimemtajia jina lako la Shangazi akatema mate, nimelipokea kama salamu. Nifikishie heshima zangu kwa Shemeji, uwabusu wapwa. Mungu akutangulie kila uendako, aupoze mgongo wako, na ailinde nyumba yako na watu wa nyumbani mwake, tukiwemo na sisi.

Mama yuko hapa upande wa pili wa meza, anakunja nguo za mtoto. Nimemuuliza niandike salamu gani kutoka kwake. Amekunja rundo lote mpaka likaisha, kisha akasema nisiandike chochote, kwa sababu salamu hungoja jibu na yeye hana uso wa kungoja kitu kwako. Kwa hiyo barua hii haina salamu za Mama. Zile ulizozisoma kwenye barua zangu nane za nyuma nilizitunga mwenyewe, hakuwahi kunituma hata moja. Hizi za leo, ambazo hakuzituma, ndizo za kwanza za kweli.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa haya nyingi,

Kitindamimba